Kadi ya sarafu nyingi safarini: naipendekeza, ila isiwe peke yake

Kwa likizo za nje ya nchi siku hizi natumia kadi ya sarafu nyingi, ile unayoiwekea pesa kwa programu ya simu kisha ukazigeuza kuwa euro, pauni au dola kabla hata hujafunga begi. Imenifaa sana. Kuna mahali pia imeniangusha, na hapo nitafika.

Kilichonivutia kwanza ni kwamba makato yake nayaona kabla sijabonyeza. Kwenye maduka ya kubadilisha fedha ya viwanja vya ndege, tangazo la "hakuna kamisheni" ni kweli tupu, kwa sababu ulaji wao uko kwenye kiwango chenyewe. Mimi huwapima kwa ubao wao. Tuseme sarafu fulani wanainunua kwa 92 na kuiuza kwa 108. Bei ya soko iko hapo katikati, karibu na 100. Ingia na 108, zibadilishe, halafu zirudishe papo hapo bila kununua hata maji: unatoka na 92.

ATM za ugenini nazo zina ujanja wao. Umeshaingiza namba ya siri, umeomba euro 200, mara skrini inakuletea kiasi kwa sarafu ya kwenu, kiwango kimeandikwa kwa herufi ndogo, na kitufe cha kukubali kinang'aa kuliko cha kukataa. Kataa. Pesa zitatoka vilevile, ila hesabu itafanywa na mtandao wa kadi, yaani Visa au Mastercard, ambao kwa kawaida ni nafuu zaidi. Kwa kadi hizi za sarafu nyingi ubaya unazidi, maana mashine inatazama kadi imetolewa wapi, haijui kwamba ndani una euro tayari. Ukikubali, unalipia mabadilishano ambayo hukuyahitaji kabisa. Mashine za kulipia mahotelini na migahawani zinauliza swali hilohilo, na wakati mwingine mhudumu anakujibia mwenyewe, kwa hiyo omba uione skrini. Umoja wa Ulaya una kanuni, iliyoanza kutumika Aprili 2020, inayotaka nyongeza wanayojiwekea kwenye kubadilisha sarafu ionyeshwe kwa asilimia juu ya kiwango cha Benki Kuu ya Ulaya. Itafute hiyo asilimia, inafungua macho.

Sasa lawama. Kadi yangu inaongeza makato wikendi, eti kwa kuwa masoko ya fedha yamefungwa, kwa hiyo sarafu nazigeuza katikati ya wiki. Kwenye kukodi gari ndiko iliponiangusha: kampuni nyingi zinataka kadi ya mkopo kwa ajili ya dhamana, na hata wanaopokea kadi isiyo ya mkopo huzuia pesa zako kwa siku kadhaa baada ya kurudisha funguo. Hizo ni pesa za matumizi zimekaa tu! Zipo pia sarafu ambazo kadi haizishiki kabisa. Dinari ya Tunisia, kwa mfano, hairuhusiwi kuingizwa wala kutolewa nchini humo, hivyo utabadilisha ukishafika, na risiti utunze maana utadaiwa unapotaka kurudisha zilizobaki.

Kwenye kukata tiketi, tovuti za kulinganisha nauli nazitumia kutazama tu, kisha nalipa kwa shirika la ndege lenyewe, hata kama bei imezidi kidogo. Ratiba ikibadilika, aliyenunua kwa wakala huambiwa arudi kwa wakala, na wakala humrudisha kwa shirika. Kwa safari za kuingia au kutoka Marekani kuna kinga nzuri: ukinunua moja kwa moja kwa shirika siku 7 au zaidi kabla ya kuruka, ndani ya saa 24 unaweza kughairi bila faini, isipokuwa kama shirika lilikuruhusu kuishikilia nafasi kwa muda huo bila kulipa. Hoteli nazilipa kwa sarafu ya hoteli. Bei "iliyotafsiriwa" na tovuti mara nyingi imeshaongezewa chao.

Huduma kwa wateja ya kadi ni ya kuandikiana kwenye simu tu, na wakishaifunga kwa kutilia shaka muamala, unasubiri. Ndiyo maana ya pili, ya benki nyingine, huwa iko kwenye begi tofauti, pamoja na noti chache safi zisizochanika.