Ryu wa inchi sita wa Jada Toys: anavyostahimili joto la Mtwara

Kwa mtu anayekusanya midoli ya wahusika wa gemu akiwa Mtwara au Lindi, Ryu wa Jada Toys, yule mpiganaji wa gemu ya Street Fighter, ndiye wa kuanza naye. Kwa sura anashindwa na midoli ya figma ya Max Factory, na kwa umaliziaji wa rangi anashindwa na ile ya S.H.Figuarts ya Bandai. Ila viungo vyake ni vinene, bei yake haiumizi sana, na joto la pwani likimpindisha, maji ya moto na subira vinamrudisha. Hizo mbili za Kijapani zikivunjika kifundo cha mkono, unabaki na sanamu ya bei mbaya isiyo na kiganja.

Alitoka mwaka 2023, yeye na Chun-Li na Fei Long wakiwa wa kwanza kwenye mfululizo wa Ultra Street Fighter II: The Final Challengers, ile gemu ya mashine ya Nintendo Switch ya 2017 ambayo Capcom waliipiga msasa kutoka Street Fighter II ya 1991. Marekani aliuzwa dola 25 hivi. Ndani ya boksi, mbali na Ryu mwenyewe, kuna kichwa cha pili kinachopayuka, viganja vya kubadilisha, na moto wa Hadoken, lile pigo analorusha kwa viganja viwili, wa plastiki ya buluu inayopitisha mwanga.

Kimo chake ni sahihi. Ryu wa kwenye gemu ana sentimita 175. Gawa kwa 12, ambacho ndicho kipimo cha midoli ya aina hii, unapata sentimita 14 na nusu. Atakaa vizuri kabatini na midoli yoyote ya kipimo cha 1:12 bila kujali kampuni. Usimsimamishe tu na Mortal Kombat za McFarlane, maana zile ni za inchi 7 na zitamfanya aonekane kijana aliyekuja kuangalia pambano.

Viwiko na magoti vina bawaba mbili mbili, na mabega yanasogea mbele kiasi cha viganja kukutana kifuani. Hili la mabega ndilo linalompa thamani. Mhusika wa Street Fighter asiyeweza kuleta mikono pamoja ni pambo la kabatini tu. Mkao wa Hadoken una mpangilio wake: zungusha mguu wa nyuma kwa nje, kunja goti la mbele, laza nyayo zote mbili sawasawa kwa kiungo cha kifundo, kisha rudisha kiuno nyuma kidogo. Moto unawekwa mwisho. Ukianza na moto, uzito wote uko mbele na atakuangukia kila unapogusa mguu. Kama meza iko karibu na feni, tafuta stendi ya plastiki angavu yenye kishikio cha kiunoni, kwa sababu akianguka kutoka usawa wa kabati, kinachotua kwanza ni mikono.

Sasa suala la viungo vilivyoganda. Mdoli mpya, wa kampuni yoyote, huweza kuja rangi ikiwa imegandisha bawaba ya goti au kiwiko. Ukilazimisha, pini inakatika ndani au plastiki inajinyonga na kuacha mstari mweupe. Chukua kikombe kimoja cha maji yaliyochemka na kimoja cha maji ya bomba. Ya bomba yakiwa na nyuzi 28, mchanganyiko unakaribia nyuzi 64, na hapo PVC, plastiki ya mdoli, inalainika bila rangi kuumia. Zamisha kiungo kwa nusu dakika hadi dakika moja, kishike pande zote mbili karibu kabisa na bawaba, kisha kisogeze taratibu mbele na nyuma. Usitumie maji yanayochemka moja kwa moja kutoka jikoni, na ile mashine ya hewa ya moto ya fundi simu iache huko huko kwa fundi simu. Inapita nyuzi 200 kirahisi, na uso unayeyuka kabla hujajua.

Viganja navyo vivute vikiwa vya uvuguvugu, moja kwa moja kufuata mstari wa mkono, ukivizungusha kidogo kushoto na kulia. Kosa la kawaida ni kukipinda kiganja pembeni kama unayefungua soda. Pini ikikatikia ndani ya mkono, bado kuna dawa: pasha ncha ya skrubu nyembamba kwenye mshumaa, ichomeke katikati ya kipande kilichobaki, subiri ipoe kabisa, halafu vuta. Baada ya hapo toboa tundu la milimita moja kila upande na uunganishe kwa waya wa kibanio cha karatasi uliotiwa supagluu. Kiungo kinachotoka hapo ni kigumu kuliko cha kiwandani, ingawa hakitazunguka tena.

Kiungo kilicholegea tengeneza kwa supagluu pia, tone dogo lililopakwa juu ya gololi ya kiungo peke yake, huku ukizungusha gololi hewani isishike kitu, na kurudishia baada ya saa 24. Hapa pwani kuna ya kuangalia. Supagluu hukauka kwa unyevu wa hewa, na hewa ya Mtwara ina unyevu mwingi, hivyo inashika upesi kuliko maelekezo ya kwenye chupa yanavyosema na inaacha ukungu mweupe kuzunguka sehemu iliyopakwa. Fanya kazi hiyo mchana mkavu, na kiungo kikiwa kimetenganishwa na mwili wenye rangi. Rangi ya kucha, ambayo wengi huipendekeza, iepuke: viyeyusho vyake hula plastiki ya ABS. Mafuta ya nazi kwenye bawaba kavu nayo yaache. Yatalainisha wiki moja, kisha yatashika vumbi na kuanza kunuka. Mafuta ya silikoni yanatosha, kiasi cha ncha ya kijiti cha meno.

Adui mkubwa hata hivyo ni chumba chenyewe. PVC laini ina mafuta yaliyochanganywa kiwandani ili isikauke, na kwenye joto lisilo na hewa mafuta hayo hutoka juu, mdoli ukawa unanata kama umepakwa sharubati. Mji huu umezoea vinyago vya Wamakonde. Mpingo hupasuka ukikauka vibaya, PVC inatoka jasho ikifungiwa. Kwa hiyo shokesi ya vioo iliyozibwa kila upande, chini ya bati lisilo na dari, ni jiko. Acha nafasi nyuma ya kabati, liweke mbali na ukuta unaopigwa na jua la mchana, na fungua milango mara kwa mara msimu wa mvua, yaani kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Ukishaanza kunata, osha kwa maji ya uvuguvugu, sabuni ya vyombo na mswaki laini wa mtoto, suuza, kisha ukaushe kivulini siku nzima, maana maji yanayobaki ndani ya nyonga huozesha skrubu ndogo, hasa mitaa ya Shangani na Mikindani ambako upepo wa bahari unakuja na chumvi. Jiki haifai hata kwa nguo nyeupe ya Ryu. Spiriti nayo inang'oa nyusi.

Hiyo nguo nyeupe ndiyo udhaifu wake halisi. Jua la dirishani linaifanya ya manjano, na manjano hayo hayatoki kwa kuosha. Isitoshe, plastiki nyekundu ikigusana na nyeupe kwa miezi kwenye joto huacha doa, kwa hiyo ncha za kitambaa cha kichwani zisilale begani. Moto wa Hadoken usiuache mikononi mwaka mzima pia. Mikono hulegea polepole kwa uzito. Mkao wa kudumu uwe wa kusimama wima, miguu imepanuka kidogo.

Vipi kama bajeti haifiki kwa Ryu? Sonic na Mario wa Jakks Pacific wa inchi 4 ndio wa kumpa mtoto. Viungo ni vichache na mikao ni ya kawaida, lakini wanastahimili sakafu ya saruji. Wa inchi 2 na nusu waache, hao ni wa kupanga tu.

Figma ni dunia nyingine. Zilianza mwaka 2008, zinakuja na stendi yake angavu yenye mkono unaokunjika na kifuko cha kutunzia viganja, na uso unabadilishwa kwa kung'oa nywele za mbele kwanza. Kifundo cha mkono ni kijiti chembamba mno. Nyingi huja na kifundo cha akiba, na hicho kihifadhi kuliko boksi lenyewe. Kwa mtu anayetaka Link wa Zelda au Samus wa Metroid mwenye sura ya kwenye gemu, hakuna mbadala. Ila hapa ndipo wajanja wamejazana. Link wa figma na Mario wa S.H.Figuarts, yule wa mwaka 2014, ndio wanaoigwa kupita kiasi, na nakala hizo zinatufikia kwa bei ya kuvutia kutoka kwa wauzaji wa mtandaoni na kwenye mizigo ya jumla. Dalili hazijifichi: rangi inameremeta pasipotakiwa, harufu kali ya plastiki haiishi hata baada ya kuoshwa, uso una macho yasiyolingana, na pini za viganja zimebana tundu moja na kupwaya jingine. Bei ikiwa robo ya bei ya Japani, hakuna haja ya kuendelea kutafuta dalili. Nakala ya namna hiyo hunata mapema kuliko halisi, na viungo vyake havivumilii yale maji ya nyuzi 64, vinajinyonga.

Kuagiza kwenyewe, usikadirie bei kwa dola 25 peke yake. Kuna usafiri wa kutoka nje, ushuru na kodi ya ongezeko la thamani, ujira wa wakala wa Dar es Salaam, kisha nauli ya mzigo kwenye basi. Anayetumia mzigo wa baharini hupimwa kwa nafasi, na boksi la Ryu lina hewa nyingi kuliko plastiki, hivyo agizeni watu watatu au wanne kwa pamoja. Mwambie wakala asifungue na kubana. Kuna mawakala wanaotoa boksi la ndani ili kupunguza ujazo, halafu kichwa cha pili kinapotelea Kariakoo. Na msimu wa mvua kubwa ongeza siku, kwa sababu barabara ya Dar hadi Lindi na Mtwara huweza kukatika, kama ilivyokatika Mei 2024 baada ya Kimbunga Hidaya.

Kwenye buti la basi kuna joto la injini na magunia juu yake, na mdoli hukaa humo siku nzima. Kwa hiyo boksi la Ryu liwekwe ndani ya boksi gumu zaidi, na magazeti yakunjwe pande zote sita. Ukifika ofisi ya mizigo stendi, fungua hapo hapo kabla ya kusaini: hesabu viganja, tazama kama moto wa Hadoken umepasuka, shika kila goti uone halijatoka. Kilichovunjika au kupungua ndicho cha kulalamikia. Mguu uliojipinda au kitambaa kilicholala chukua nyumbani. Ni kazi ya dakika moja kwenye maji ya moto, ukinyoosha na kuzamisha kwenye maji ya barafu wakati bado umeshika.