Betri ya Makita ya volti 18, Ah 5, na chaja yake ya feni: uzoefu wangu na jinsi ya kuifanya idumu

Ninayoizungumzia ni betri ya BL1850B, volti 18, ampea-saa (Ah) 5, pamoja na chaja ya DC18RC. Zinahudumia drili, impakti (mashine ya kukazia skrubu), grenda ya inchi 5 na msumeno wa mviringo, chini ya paa la mabati huku Pwani, ambako joto la Februari halihitaji maelezo. Betri naipa nyota nne, chaja nne na nusu. Nyota niliyoinyima betri nitaifafanua, ila niseme mapema kwamba betri nyingi za aina hii zinazotupwa zikiwa bado changa zimeuawa na joto, na namna zilivyowekwa zilipokuwa hazina kazi. Kazi yenyewe inazichosha polepole sana.

Tuanzie ndani. Kwenye kasha kuna seli 10 za saizi 18650, yaani kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Zimefungwa jozi jozi sambamba, kisha jozi tano zikaunganishwa kwa kufuatana. Kila seli ni volti 3.6, mara tano ndiyo 18. Ikijaa, seli hufika 4.2, kwa hiyo malitimita (kifaa cha kupimia volti) ikiguswa kwenye betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi itasoma karibu 21. Zile betri za kampuni nyingine zilizoandikwa "20V Max" nazo zina seli tano za kufuatana vilevile. Usiongeze hela kwa ajili ya hizo volti mbili, hazipo.

Betri ndogo za Ah 1.5 na Ah 2 zina safu moja tu ya seli tano, na hapa ndipo watu wanapopotea. Chukua grenda inayokula wati 600 ikibanwa kwenye chuma. Kwa volti 18 hiyo ni ampea kama 33. Kwenye betri ndogo kila seli inabeba ampea zote 33, ilhali kwenye hii ya Ah 5 mzigo unagawanywa kwa mbili, kila seli ikabeba kama 17. Joto ndani ya seli hupanda kwa mraba wa mkondo, hivyo mkondo ukiwa nusu, joto la kila seli linakuwa robo. Mtu anayenunua kifurushi cha drili chenye betri mbili ndogo, kisha akaongeza grenda isiyo na betri ili azitumie zilezile, anazichoma taratibu bila kujua. Ndogo ziachie drili na impakti. Grenda na msumeno vipewe Ah 5 au Ah 6, na ukikata bomba au nondo mfululizo uwe na mbili za kupokezana, moja ipumzike kivulini.

Chaja ndiyo sehemu ninayoisifia zaidi. Inatoa hadi ampea 9: betri ya Ah 3 inajaa kwa dakika 22, hii ya Ah 5 kwa dakika 45, ya Ah 6 kwa dakika 55. Kasi hiyo ingekuwa sumu kama si feni inayopitisha hewa ndani ya betri yenyewe wakati inachaji. Angalia matundu kwenye tako la betri na kwenye chaja. Yakizibwa na vumbi la mbao, seli zinapikwa. Basi chaja isiwekwe juu ya meza ya kukatia wala sakafuni penye unga wa mbao. Itundikwe ukutani au iwekwe kwenye rafu, mbali na grenda, kwa sababu feni inavuta chochote kilicho karibu nayo, na vumbi la chuma linapitisha umeme.

Taa za chaja zinasema mengi kuliko watu wanavyozisikiliza. Nyekundu inayowaka tu, inachaji. Nyekundu na kijani pamoja, imefika kama asilimia 80. Kijani peke yake, imejaa. Nyekundu inayopepesa maana yake betri ni ya moto mno (au ya baridi mno, jambo ambalo huku halitupati), na chaja inasubiri ipoe. Hapo haijaharibika kitu. Usiichomoe na kuichomeka tena ukidhani utailazimisha, na usiitie kwenye friji wala kuifunika kitambaa chenye maji. Ganda litapoa lakini katikati ya seli bado ni moto, na unyevu utaganda kwenye saketi. Njano inayopepesa ni tatizo la upoozaji, kwa kawaida feni au matundu yameziba. Nyekundu na kijani zikipepesa kwa kupokezana, chaja inadai betri ni mbovu, lakini kabla ya kukubali safisha kwanza terminali, vile vyuma ambako betri hugusana na chaja au mashine, kwani uchafu nao huleta dalili hiyohiyo.

Kitabu cha maelekezo kinataka betri ichajiwe katika joto la nyuzi 10 hadi 40, na isihifadhiwe mahali panapoweza kufika nyuzi 50. Ukiichomoa kwenye grenda na kiganja hakivumilii kuishika, iache nusu saa kabla ya kuichaji. Hilo la nyuzi 50 litazame kwa makini zaidi. Buti ya gari iliyoegeshwa juani, boksi la chuma la bodaboda, dari chini ya mabati, kote huko zinapita bila shida. Uchakavu wa kemikali ndani ya seli huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 zinazopanda, na ukiwa umeijaza hadi juu ndiyo mbaya zaidi. Betri iliyojaa, imelala kwenye pikapu kwa wiki nzima ikisubiri saiti ifunguliwe, inapoteza uwezo bila kuzungusha hata skrubu moja.

Kwa hiyo hifadhi yangu iko hivi. Betri isiyotarajiwa kufanya kazi kwa wiki mbili au zaidi inabaki na taa mbili kati ya nne. Ukibonyeza kitufe, taa mbili ni kati ya asilimia 25 na 50, tatu ni 50 hadi 75. Mbili au tatu, zote sawa. Inatolewa kwenye mashine, inawekwa kifuniko chake cha plastiki, na inakaa ndani ya nyumba, chini, mahali penye ubaridi, kamwe si bandani. Maelekezo yanataka ichajiwe kama haijatumika zaidi ya miezi sita. Mimi naona miezi mitatu ni salama zaidi, maana saketi ya ndani inakunywa umeme kidogo kidogo hata ikiwa imelala. Ya kazi ya kesho ijaze usiku au, bora zaidi, asubuhi wakati hewa bado ni baridi. Kwa drili ya kazi nyepesi, kutunga makabati kwa mfano, mara nyingi naichomoa nyekundu na kijani zinapowaka pamoja. Asilimia 80 inatosha, na seli inayokaa chini ya volti 4.2 inazeeka taratibu.

Yako mazoea ya betri za nikeli ambayo yameng'ang'ania: "ichaji kwa muda wa saa nane siku ya kwanza", "imalize kabisa ndipo uchaji". Zile za nikeli-kadimi zilikuwa na sababu zake: zilikuwa na "kumbukumbu", yaani ukizichaji kila mara kabla hazijaisha zilizoea kutoa kidogo. Hizi za lithiamu hazina kumbukumbu ya aina hiyo, na kuzimaliza kabisa ndiko kunakozidhuru. Nguvu ikianza kushuka, drili ikasota kwenye mbao iliyokuwa ikiipita, toa betri. Mashine ikijizima, usifinye tena swichi kuikamua matone ya mwisho.

Na hapa ndipo nyota ile ilipopotea. Betri hii haijikatii umeme yenyewe. Inatuma ishara kwa mashine kupitia terminali yake ya ziada, na mashine ndiyo inayokata. Kwenye mashine za mfumo huu zenye alama ya nyota, ulinzi ni mzuri. Lakini ukiivika adapta ya mtaani ili iendeshe taa, redio, feni au mashine ya kampuni nyingine, mara nyingi ile terminali haiguswi kabisa, na betri inaendelea kunyonywa hadi ife. Chini ya volti 2.5 kwa seli, yaani 12.5 kwa betri nzima, uko kwenye eneo la hatari. Ikishuka zaidi, karibu na 2 na kwenda chini, karatasi ya shaba ndani ya seli inaanza kuyeyuka, na ukija kuichaji ile shaba inaganda upya mahali pasipotakiwa na kutengeneza shoti ya ndani kwa ndani. Ndiyo maana ule mtindo wa "kuishtua" betri iliyokufa kwa nyaya kutoka betri nzima siuungi mkono hata kidogo. Inaweza kufufuka leo na kuwaka moto usiku. Kama ni lazima utumie adapta, weka kifaa kinachokata umeme kwenye volti 15 hivi, au angalau malitimita iwe karibu.

Dosari ya pili ni kwamba haisawazishi jozi zake. Jozi moja ikidhoofika, inawahi kuisha na kuwahi kujaa, na chaja inasimama kwa ajili yake huku nyingine nne zikiwa bado na nafasi. Unaona betri "inajaa" haraka isivyo kawaida kisha inaisha upesi. Fundi aliyeifungua atapima kila jozi. Zikitofautiana chini ya volti 0.05 ni nzima, zikipita 0.2 kuna jozi inayokufa au iliyoachwa nyuma. Iliyoachwa nyuma tu inaweza kuchajiwa peke yake hadi ilingane na wenzake, kwa chaja ya lithiamu ya seli moja na mkondo mdogo, ampea 0.5 au 1, bila kuondoka karibu yake.

Usafi ni kazi ndogo. Brashi kavu ya meno, kisha pamba yenye spiriti ya kusafishia, kwenye mifereji ya terminali za betri na za mashine. Isitumike msasa, kwani inakwangua rangi ya juu ya chuma na kutu inaingia, hasa huku kwenye hewa ya chumvi. Mafuta na grisi navyo hapana, vinashika vumbi. Blowa itumike ukiwa umetoa betri. Kifuniko cha plastiki, kile ambacho wengi hukitupa siku ya kwanza, ndicho kinachozuia misumari kwenye mkoba isiunganishe terminali mbili.

Umeme wa ukutani nao una neno. Chaja zinazoletwa kutoka Marekani ni za volti 120, na Uingereza kuna za saiti za volti 110. Ukizichomeka kwenye 230 zetu ni moshi. Soma kibandiko cha chini kabla ya kununua mtumba. Kwa jenereta, iache iwashwe na itulie ndipo uchomeke chaja, na uichomoe kabla ya kuizima. Kwa nyumba ambayo umeme unapanda na kushuka, kile kifaa cha kulindia friji kinafaa kabisa, kwa kuwa kinasubiri dakika chache umeme ukirudi na hivyo kuikinga chaja na ule mshtuko wa kwanza.

Kuhusu feki, hesabu rahisi itakulinda. Seli bora kabisa za 18650 zina Ah 3.5 au kidogo tu zaidi. Jozi moja basi ni Ah 7, na za uwezo huo hazipendi mikondo mikubwa ya grenda. Betri ya umbo hilihili iliyoandikwa Ah 9 au 12 ni maandishi tu. Ya juu kabisa ya Makita kwenye umbo hili ni Ah 6. Kingine ni mizani: seli 10 peke yake zina uzito wa gramu kama 450, kabla ya kasha na saketi. Betri nzima "ya Ah 5" ikiwa chini ya gramu 500, ndani kuna seli tano, au kumi za ovyo. Baadhi ya feki chaja ya feni inazikataa, nyingine inazipokea na kuzisukumia ampea ambazo hazikutengenezwa kuzihimili. Hizo ndizo za kuogopa.

Ukiagizia ndugu anayetoka Dubai au London, mwambie hivi: volti 18 mara Ah 5 ni wati-saa 90, iko chini ya kikomo cha 100 cha ndege, inasafiri kwenye mkoba wa mkononi huku terminali zimefunikwa. Ya Ah 6 ni wati-saa 108, inahitaji idhini ya shirika la ndege. Kwenye mizigo ya chini betri za akiba haziruhusiwi.

Kubadilisha seli kunawezekana, ila si kwa kila fundi. Seli zote 10 ziwe mpya, za aina moja, za mkondo mkubwa, mfano Samsung 25R ya Ah 2.5 yenye uwezo wa ampea 20. Usichanganye mbili mpya na nane kuukuu. Viunganishi vichomelewe kwa mashine ya kuchomelea nukta nukta (spot welder). Kulehemu kwa risasi kunaichoma seli kabla haijaanza kazi. Utepe uwe wa nikeli halisi, maana wa chuma kilichopakwa nikeli unapata moto. Kipande chake ukikikwaruza na kukiloweka kwenye maji ya chumvi usiku mmoja, cha chuma kitatoa kutu. Na uulize mapema kuhusu saketi. Baada ya kushindwa kuchaji mara kadhaa hujifunga, na hapo utakuwa umelipia seli mpya ndani ya kasha ambalo chaja bado inalikataa.