Wakala wa Safari za Maafisa, Kisumu: Makaratasi Safi, Ratiba ya Kubana
Wakala huyu wa usafiri, mwenye ofisi katikati ya jiji la Kisumu, ndiye aliyeushughulikia ujumbe wetu wa maafisa wa kaunti uliokwenda Ubelgiji, na kwa upande wa makaratasi sina la kumlaumu. Alidai mapema barua za mwaliko, vibali vya safari na bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000, kiwango kinachotakiwa kwa viza ya Schengen, yaani viza moja ya kundi la nchi za Ulaya, Ubelgiji ikiwemo. Tena aliwakumbusha waliokuwa wakiunganisha kwenda Ghana kwamba cheti cha homa ya manjano huanza kutambuliwa siku 10 baada ya chanjo, jambo ambalo waheshimiwa wengi hulikumbuka wakiwa tayari wamefunga mizigo.

Mwongozo wa usalama ulikuwa mfupi lakini wa maana: nambari za ubalozi wetu Brussels, hoteli iliyo karibu na ukumbi wa mkutano, na onyo la kutoiondolea macho mikoba ya nyaraka katika vituo vya treni.

Udhaifu wake ni ratiba. Ndege ya kutoka Kisumu ilipangiwa kufika Nairobi karibu mno na ile ya kimataifa, kana kwamba ucheleweshaji haujulikani kwetu. Ada si ndogo, ingawa risiti zake zimepangwa vizuri kwa ajili ya mkaguzi. Ningemtumia tena, kwa sharti kwamba ujumbe ulale Nairobi usiku wa kuamkia safari.