Mchungaji bungeni au mchungaji mimbarini?

Uchaguzi ukikaribia, mjadala huu hurudi pande za Malindi, kuanzia Maweni hadi Gongoni: mtumishi wa Mungu agombee kiti, au aisemeshe serikali akiwa kanisani?

Kwa kutenda, mwenye kiti anashinda. Mutava Musyimi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa NCCK (baraza la kitaifa la makanisa ya Kenya), aliingia bungeni kwa uchaguzi wa 2007. Mahubiri hayapitishi bajeti.

Kwa uhuru wa kusema, mimbari iko mbali mbele. Maaskofu wa Anglikana Henry Okullu na Alexander Muge hawakuwa wabunge, lakini waliukemea utawala wa chama kimoja wakati wengi bungeni wameufyata. Hawakuwa na chama cha kuwafukuza.

Gharama? Kampeni hula pesa, na kanisa lililozoea harambee za wanasiasa limeshajifunga mdomo. Hapo sioni mshindi.

Uwajibikaji ndio unaotuuma sisi wa Kilifi. Mbunge tunamng'oa baada ya miaka 5. Mhubiri anayejisimamia mwenyewe, nani amuulize? Katika msitu wa Shakahola hapa Kilifi, kuanzia 2023, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 inayohusishwa na kanisa la mhubiri Paul Mackenzie. (Askofu mwenye sinodi, yaani baraza la kanisa lake, walau, ana wa kumuuliza.)

Na Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 hakiruhusu dini ya serikali, kwa hiyo mchungaji akishinda ni mbunge wa Waislamu na wazee wa Kaya, watunza mila za Wamijikenda, pia. Kama kilio cha kwenu ni maji na barabara, na mgombea ameukubali mzigo huo, mpe kura. Kama ni dhuluma ya ardhi inayowagusa wakubwa, mwacheni mimbarini.