Sura ya 4C ya MUTCD: kipimo cha makutano yanayostahili taa

MUTCD, mwongozo wa alama na taa za barabarani wa serikali ya Marekani, una kurasa zaidi ya 1,000. Anayetaka kujua tu kama njia panda fulani inastahili taa afungue Sura ya 4C. Toleo la 11, la Desemba 2023, linapakuliwa bure, na sura hiyo ina vigezo tisa, kuanzia wingi wa magari na waenda kwa miguu hadi ajali na reli iliyo jirani.

Nguvu yake iko kwenye kigezo cha kwanza, cha saa nane. Chukua barabara kuu yenye njia mbili kila upande, inayokutana na barabara ndogo ya njia moja. Sharti A linataka magari 600 kwa saa kwenye barabara kuu, pande zote mbili zikijumlishwa, na 150 kwenye barabara ndogo, upande mmoja tu, ule wenye magari mengi zaidi. Sharti B linataka 900 na 75; likitimia moja kati ya hayo mawili, inatosha. Viwango hivyo vifikiwe saa nane za siku ya kawaida, barabara zote mbili katika saa zilezile. Wengi huharibu hapa: wanajumlisha pande zote mbili za barabara ndogo, na taa isiyostahili inapita.

Kosa la pili ni wanaokunja kulia. Kule magari hupita kulia, kwa hiyo anayekunja kulia kutoka barabara ndogo huingia bila kukatiza mkondo wowote. Tuseme saa moja imehesabiwa magari 840 barabara kuu na 168 barabara ndogo. Ukitazama juu juu, A imetimia. Lakini 60 kati ya hayo 168 yana njia yake ya kukunja kulia na hayasubiri. Yatoe, yanabaki 108: A imeanguka. B nayo haifiki, maana 840 ni pungufu ya 900. Hata nafuu ya kushusha viwango hadi asilimia 80, inayoruhusiwa baada ya suluhisho jepesi kujaribiwa na kushindwa, inataka 120. Jibu limegeuzwa na safu moja ya fomu ya kuhesabia. Kwa hiyo hesabu iwe ya saa 12 au zaidi, kila robo saa, kila mwelekeo peke yake. Mkandarasi akileta jumla tupu, mrudishie karatasi zake.

Mwendo wa barabara kuu ukizidi maili 40 kwa saa (kama kilomita 64), au makutano yakiwa kwenye mji uliojitenga wenye watu chini ya 10,000, viwango hushuka hadi asilimia 70.

Kigezo cha ajali kimeboreshwa kweli. Toleo la 2009 lilitaka ajali tano ndani ya miezi 12. Sasa kuna majedwali ya mwaka mmoja na ya miaka mitatu. Yanatazama ajali za kugongana ubavuni na za waenda kwa miguu, na ni sawa, kwani taa hupunguza za ubavuni lakini mara nyingi huongeza za kugongwa kwa nyuma.

Kinachotukera ni kigezo cha waenda kwa miguu. Kinataka wavukaji wasiopungua 107 kwa saa, kwa saa nne. Mahali panapotisha watu hawavuki: mzee mwenye mkongojo anazunguka mbali, na fomu haimwoni. Kiwango kinaweza kupunguzwa hadi nusu kama wavukaji ni wa mwendo wa polepole, lakini bado wanahesabiwa waliothubutu tu.

Kigezo cha saa moja ya msongamano kiachiwe mahali kama kiwanda kinachotoa wafanyakazi wote kwa pamoja.

Anayekipeleka kipimo hiki Dar es Salaam au Nairobi ageuze upande: huku wanaotolewa ni wanaokunja kushoto. Tena jedwali huhesabu chombo kwa chombo, bodaboda sawa na lori, kwa hiyo pikipiki ziandikiwe safu yake.

Sura yenyewe inasema wazi kwamba kutimia kwa kigezo hakulazimishi taa kuwekwa. Kipilefti au alama za kusimama pande zote zipimwe kwanza. Programu za kulipia zinazojaza majedwali haya zinafaa kwa mwenye makutano mengi. Kwa njia panda moja, karatasi na kikokotoo vinatosha.