Jenereta ya Petroli ya Kilowati 2 Kutoka Kariakoo: Tathmini ya Usalama Wake Dhidi ya Moto

Jenereta hii niliinunua Kariakoo miezi minane iliyopita kwa shilingi 520,000, kwa ajili ya duka langu la steshenari lililopo Tabata, ambako umeme ukikatika mchana mashine ya fotokopi husimama na wateja huenda kwingine. Kwa upande wa nguvu sina malalamiko nayo, kwa kuwa ukivuta kamba mara mbili inawaka, inabeba fotokopi, kompyuta mbili na feni, na breka yake hujikata papo hapo mtu anapojisahau akachomeka birika la umeme. Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni lile ambalo muuzaji hakuligusia hata kwa neno moja, yaani hatari ya moto.

Tangi lake la lita 15 limekaa juu ya injini, ili petroli ishuke yenyewe kwenye kabureta, na ekzosi iko ubavuni, kiasi cha shubiri mbili kutoka mdomo wa tangi. Majenereta mengi madogo yameundwa hivyo, kwa hiyo silihesabu hilo kuwa kosa la mtengenezaji, lakini maana yake ni kwamba kila tone linalomwagika wakati wa kujaza huteremka kuelekea penye joto. Nililishuhudia jambo hilo mwezi wa pili. Kijana wangu wa kazi aliizima mashine, akasubiri dakika chache tu kwa sababu foleni ya wateja ilikuwa ndefu, akaanza kumimina. Faneli ikayumba, petroli kidogo ikatiririka ubavuni mwa tangi hadi kwenye mapezi ya kupozea injini, ikachemka kwa sauti ya kukaanga na kutoweka kama moshi mweupe mbele ya macho yetu. Mvuke ule ungepata cheche moja tu, tusingekuwa na duka leo. Petroli hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Dar es Salaam, na kwa kuwa mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini. Nyuma ya duka letu yupo mama lishe mwenye majiko mawili ya mkaa. Tangu siku hiyo mashine huachwa ipoe dakika 20 kamili, tukitazama saa, kabla kifuniko hakijafunguliwa, tangi halijazwi hadi ukingoni kwa sababu petroli hutanuka ikipata joto, na dumu la akiba limehamishiwa mbali kabisa na jenereta.

Kasoro ninayoihesabu kuwa ya mashine yenyewe ni mpira wa mafuta unaotoka kwenye koki kwenda kwenye kabureta. Mwezi wa tatu asubuhi moja nilisikia harufu ya petroli, nikainama na tochi, nikaona tone limening'inia chini ya koki, likadondoka, lingine likajitunga. Mpira ulikuwa umekakamaa na kupasuka penye klipu. Dukani niliponunua waliniambia kuwa dhamana ni ya injini tu, jibu ambalo sikulikubali hata kidogo, kwani mpira unaovuja petroli jirani na ekzosi ni hatari kuliko injini iliyogoma. Fundi wa mtaani kwetu aliniwekea mpira maalumu wa petroli na klipu za chuma, na haijavuja tena.

Waya wa kurefushia niliopewa kama zawadi nao ni mwembamba mno. Tuliutumia ukiwa umeviringishwa, na baada ya nusu saa ulikuwa wa moto mkononi kama kikombe cha chai. Sasa tunatumia waya wa milimita mraba 2.5, uliokunjuliwa wote. Kitabu cha maelekezo, kilichoandikwa kwa Kiingereza na Kichina pekee, kinataka nafasi ya mita moja kila upande, nasi tumeiweka uani, ekzosi ikitazama palipo wazi, mbali na madirisha kwa sababu ya hewa ya sumu iliyomo katika moshi. Pembeni pana kizimamoto cha poda kavu, maana petroli huelea juu ya maji na kusambaa nayo, na ukutani tumeandika 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Naipa nyota tatu kati ya tano. Anayekwenda kuinunua aombe iwashwe nje ya duka kwa dakika kumi, kisha izimwe, koki iachwe wazi, apitishe kidole chini ya mpira wa mafuta. Kidole kikirudi na harufu ya petroli, aombe nyingine.