Pampu ya vakyumu ya CNC: soma geji ubao ukishakatwa

Mashine ya CNC, yaani ya kukata mbao kwa kuongozwa na kompyuta, hushika ubao mezani kwa pampu inayovuta hewa chini yake. Muuzaji akikuonyesha mashine, huweka ubao mzima wa melamini, geji ya mvuto inaruka hadi bar −0.8 (yaani chini ya kanieneo ya hewa ya nje), halafu anakuambia usukume. Hausogei. Bila shaka hausogei: ubao wa mm 1220 × 2440 una karibu sm² 29,800, na hata pampu dhaifu huushika. Kabati huharibikia kwenye kipande kidogo cha mwisho, ubao ukiwa umekatwa kila upande.

Hesabu ni hii. Biti ya mm 6 ikipita hadi chini, kila mita ya mkato hufungua sm² 60 za hewa kupenya. Ubao wenye mita 25 za mkato umefungua sm² 1,500. Kipande cha sm 10 × 10 kwa bar 0.6 hukandamizwa kama kwa kilo 60. Geji ikishuka hadi 0.2 zinabaki kilo 20 tu. Kinateleza, ukingo unachimbika, na biti huenda ikavunjika.

Kwa hiyo mwambie akate ubao mzima mbele yako, usome geji kwenye mkato wa mwisho. Ikiwa chini ya 0.5, usilipe. Nairobi nako, kwa sababu ya mwinuko, kanieneo ya hewa ni kama bar 0.83, kwa hiyo −0.9 ya katalogi hutaiona kamwe.

Kati ya pampu za kuchagua, ya kwanza ni Busch Mink, na silifichi pendeleo hili. Rota zake za umbo la kucha huzunguka bila kugusana: hakuna visu (vibamba vinavyosugua silinda) vya kuchakaa wala maji. Kwa meza ya futi 4 kwa 8, tafuta mita za ujazo 250 hadi 300 kwa saa. Bei yake inauma, lakini inashika.

Ya pili ni Becker VTLF 2.250. Ina visu vya kaboni. Vipime, kwani vikipungua chini ya kipimo cha kitabu chake huvunjika na kukwaruza silinda. Usiiwashe bila chujio, vumbi la MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa) huvila visu hivyo.

Ya tatu ni pampu ya vakyumu inayotumia maji ndani yake kuvuta hewa, inayoletwa na mashine nyingi za China. Uwezo wake hupimwa kwa maji ya nyuzi 15. Tangi dogo likipata moto, vakyumu inaanguka.

Blowa, yaani feni ya kuvuta hewa, ina hewa nyingi lakini mvuto mdogo: inafaa milango mipana tu. Mota za vakyumu klina zisizo na feni yake ya kupooza huungua.

Pampu yoyote utakayonunua, chonga uso wa MDF ya chini, ile inayolazwa mezani chini ya ubao na kupitisha hewa, mm 0.5 hadi 1 pande zote mbili, kwani ngozi yake ngumu huziba hewa. Kingo zipake gundi ya mbao mara mbili. Funga valvu za sehemu tupu za meza. Vipande vidogo vikatwe kwanza, ukiacha ngozi ya mm 0.5 ya kumalizia kwa mpito wa pili.

Kinachokera zaidi ni profoma (ankara ya awali ya muuzaji) inayoandika "7.5 kW" na kuishia hapo, kana kwamba kilowati ndizo zinazoshika ubao. Dai ziandikwe modeli, mita za ujazo kwa saa, na vakyumu inayobaki hewa hiyo ikipita. Kimoja kikikosekana, usitoe hata amana.